Bahasha Mbele ya Kamera

Jumapili ya Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, jijini Nairobi. Alitoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na kikundi kingine cha parokia, akatoa milioni 2 za nyumba ya mapadri, kisha akaahidi milioni 3 nyingine na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha zirudishwe na hilo basi lisipokelewe.

Waumini wengi walishangaa. Si kwamba rais alitoa. Marais wa Kenya wametoa tangu zamani. Ajabu ni kwamba safari hii kanisa lilikataa.

Ukitaka kujua sadaka ya namna hii inakwenda wapi hasa, tazama namna inavyotolewa. Viti vya mbele vimefunikwa vitambaa, wazee waliovizoea wamesogezwa nyuma. Msafara unaingia ibada ikiwa katikati, kwaya inakatiza wimbo, wapiga picha wanapanda hadi karibu na madhabahu. Baada ya mahubiri mheshimiwa anaombwa "kusalimia watu", na salamu zinachukua nusu saa: barabara, wapinzani, uchaguzi ujao. Bahasha hutajwa mwishoni, kiasi chake kikisomwa kwa maikrofoni. Waislamu wana neno la ugonjwa huu: riya, ibada inayofanywa ili watu waone. Na wao hawajasalimika, maana kila Ramadhani futari za wanasiasa huandaliwa pamoja na kamera zake.

Rais wa zamani Daniel arap Moi aliijua kazi hii kabla ya wengi. Wakenya waliokua enzi zake wanakumbuka taarifa ya habari ya Jumapili: Mtukufu Rais ameungana na waumini kanisani. Amani, upendo na umoja vilihubiriwa mchana kutwa, huku wakosoaji wake wakiteswa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo. Agosti 1990, Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, aliyekuwa mkali dhidi ya ufisadi, alitishiwa hadharani na waziri Peter Okondo kwamba akikanyaga Busia huenda asirudi hai. Muge alikwenda. Alifariki katika ajali ya barabarani akiwa njiani kurudi.

Leo vitisho vimepungua, bahasha zimenona. Julai 2024, baada ya vijana kuingia bungeni kupinga Mswada wa Fedha, Ruto mwenyewe alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Miezi minne baadaye alikuwa Soweto. Machi 2025 aliahidi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry huko Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana walipojaribu kuandamana hadi kanisani, polisi waliwarushia vitoa machozi. Mshahara wa rais haufiki milioni 1.6 kwa mwezi, kwa hiyo milioni 20 zinazidi mshahara wake wa mwaka mzima. Ni kweli kwamba Ruto alikuwa tajiri kabla ya kuingia Ikulu, na hakuna anayeweza kupima imani iliyo moyoni mwake. Lakini marufuku ilikuwa yake, na hakuna aliyemlazimisha kuitangaza.

Lawama haiishii kwa wanasiasa. Mchungaji anayemwalika mbunge kwa sababu paa halijakwisha anajua anachouza. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit wa Waanglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kanisani, hata Raila Odinga na Musalia Mudavadi wakiwa wameketi mbele yake. Ibada iliendelea na hakuna paa lililoanguka.

Basi na wengine waige. Mwanasiasa aje, aketi atakapopata nafasi, asali, aende zake. Akiguswa kuchangia ujenzi, namba ya paybill ya kanisa imebandikwa ukutani pale mlangoni, na M-Pesa inapokea hata Jumanne usiku, wakati hakuna mpiga picha.