TUSIUZE WAGENI KWA BUTURA



Kuna maneno yanatembea mwaloni, na yasipojibiwa yatakuwa mazoea. Eti watalii wakianza kuja Bumbire, tuziachie kampuni kubwa za Ulaya zipange safari zote, maana mawakala wa hapa nchini ni wababaishaji. Wanaosema hivyo si maadui, wengine ni vijana wetu wenyewe. Lakini wanatuuza.

Butura kila mtu wa Kagera anaijua. Mkulima amebanwa na shida, kahawa bado iko mtini, mwenye fedha anakuja anainunua kwa bei ya kutupa. Siku ya mavuno mwenye shamba anachuma mali ya mwenzake. Basi na huu utalii wa kampuni za nje ni butura ya watu. Mgeni bado yuko London, hajafunga hata sanduku, amekwisha kulipa, na fedha imebaki kule kule.

Hebu tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye kisomo. Tuseme mgeni katoa shilingi mia. Kampuni ya Ulaya haina mtumbwi ziwani, haina dereva Bukoba, haina mpishi. Kwa hiyo inamtafuta wakala wa Kitanzania, yule yule mnayemwita mbabaishaji, inamkatia fungu. Wakala naye anakata lake, anamlipa mwenye gari, mwenye gari anampoza mwenye mtumbwi pale Kemondo, na kijana wetu anayebeba mizigo anaokota sumni. Sasa kama mgeni angemwandikia wakala yule moja kwa moja, mkono mmoja ungepungua, nao ndio mkono mnene kuliko yote!

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imewawekea Watanzania kazi ya uwakala wa safari na ya kuongoza watalii. Julai 2025 Serikali ikawakataza wasio raia kufanya biashara 15, na kuongoza watalii imo. Lakini hakuna sheria ya Dodoma inayoweza kumzuia Mwingereza asilipe kwao.

Wazee wanaukumbuka mwaka 1977. Watalii walikuwa wanateremka Nairobi, magari ya kampuni za Nairobi yanawaleta Serengeti na Ngorongoro, kisha yanawarudisha Nairobi kulala, kula na kununua vinyago. Sisi tukabaki na vumbi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Februari ile mpaka ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Mimi nasema hasira ile ilikuwa ya haki. Ila watalii nao walipungua, maana magari hatukuwa nayo ya kutosha wala watu wa kuwapokea. Kumfukuza dalali ni kazi ya siku moja. Kuwa na mtumbwi wako ulio tayari ndiyo kazi yenyewe.

Wanasema pia kampuni kubwa haianguki. Thomas Cook wa Uingereza alianza kazi ya kusafirisha watu mwaka 1841. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni yake ikafilisika, wateja kama 600,000 wakiwa safarini. Serikali ya Uingereza ikahangaika kuwarudisha watu wake zaidi ya 100,000. Hoteli za Tunisia na Uturuki zikaachwa zinadai. Sasa mwenye hoteli wa Tunisia atamshika nani shati? Wakala wa Mwanza akikudhulumu unapanda chombo unamfuata. Ofisi yake unaijua, na mama watoto wake unamjua.

Tena liko jambo zito kuliko fedha. Mwaka 1875 Stanley, aliyetumwa na magazeti ya Uingereza na Marekani, alifika kisiwani hapa wakagombana na wazee wetu. Agosti akarudi na bunduki, akawapiga risasi watu waliosimama pwani na mikuki yao, naye yuko ndani ya chombo majini. Kisha akaandika yeye, na dunia ikatujua kwa kalamu ya aliyetupiga. Kiongozi atakayeletwa na kampuni ya mbali atawasomea wageni kitabu kile kile. Mtoto wa Bumbire ana habari nyingine ya kuwasimulia, aliyoipata kwa bibi yake.

Lakini uzalendo hauelei majini. MV Bukoba ilikuwa meli yetu, ya umma. Uwezo wake abiria 430. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 800. Kagera nzima ililia. Kwa hiyo mgeni akiuliza boya la kuvaa, asiambiwe ana dharau. Na sisi tulioko hapa tuulize!

Kwenye mkutano mkuu nitaleta haya: ushirika uandikishe mitumbwi ya kubeba wageni, nauli iwe moja, ibandikwe ukutani hapa, tufanye kazi na wakala wa Kitanzania mwenye leseni tu, na mkataba wowote usomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla mtu hajatia sahihi.

Wenye mitumbwi wanaotaka kuandikwa wamwone karani asubuhi, kabla ya mkutano. Kila mmoja aje na maboya yake yahesabiwe. Yakipungua idadi ya abiria, jina haliandikwi, hata akiwa shemeji yangu.

Katibu