Boda Ikifika Kituoni Imeshahukumiwa

Makamanda, simama stendi ya Korogwe au pale Chanika, Handeni mjini, muulize kijana wa boda anaogopa nini zaidi. Wengi hawatakwambia jela. Watakwambia pikipiki kulala kituoni. Kesi unaweza kushinda, ila chombo ukakikuta uani kimeota kutu, betri haipo. Na nyingi ni boda za mkataba: upelelezi "haujakamilika", lakini hesabu ya bosi haisubiri.

Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla ya kutiwa hatiani. Ibara ya 24 inalinda mali yake. Sasa aliyepoteza kazi miezi minane bila hukumu ametendewaje kama si mkosaji?

Juu huko ni hivyohivyo, tarakimu tu ndizo kubwa. Septemba 2019 Rais Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba kukiri na kurudisha fedha. Mwisho wa mwezi DPP akamtajia watu 467 na Sh bilioni 107.8. Wezi walikuwemo, sibishi. Lakini mtu yuko mahabusu kwa utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana. Hayo "makubaliano" anayafanya na nani, akiwa na nguvu gani? Atatoa hata ambacho hakuiba, alale kwake.

Najua tutaambiwa tunatetea mafisadi. Hapana bwana. Tangu 1991 ipo sheria ya mali itokanayo na uhalifu, na njia yake ya kawaida ni serikali kuomba mahakama itaifishe mali baada ya mtu kutiwa hatiani. Waitumie hiyo. Tunachodai ni kwamba anayeshikilia mali apewe muda maalumu, ukiisha aende kwa hakimu aeleze kwa nini bado anaishikilia. Na boda ya kawaida ipigwe picha, picha ziwe ushahidi, mwenyewe aendelee kutafuta ugali. Wabunge wakishindwa hili dogo, sijui wanatunga nini Dodoma.

Wakati tunapigania hayo: ukikamatwa Segera, Mombo au Mkata, usiache chombo hivihivi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka ofisa anayekamata kitu kwenye upekuzi atoe stakabadhi. Idai, hata kwa boda. Piga picha namba ya chesisi, kilomita na betri, kisha nakala mwachie katibu wa tawi siku hiyohiyo.