Chumba cha Kompyuta Tumekilipia, Kifunguliwe

Chukua kaye ya mtoto wa darasa la saba hapa Bukavu, ufungue kurasa za somo la kompyuta. Utakuta kibodi imechorwa kwa rula na biki: A, Z, E, R, T, Y, kila herufi ndani ya kisanduku chake, na chini kabisa kisanduku kirefu cha kuachia nafasi. Kipanya kimechorwa pembeni, mkia wake unapanda hadi kwenye skrini. Mtoto amepata kumi na nane juu ya ishirini. Muulize ameigusa kompyuta lini. Atainamisha macho.

Sisi wazazi wa Ibanda, Kadutu na Bagira tuna neno kuhusu kaye hiyo. Tumelisema mlangoni mwa kanisa, tumelisema kwenye foleni ya maji, ndani ya teksi kati ya Nyawera na Essence, na kwenye vikao vya COPA, kamati ya wazazi, ambako muda huisha kabla wazazi hawajafikiwa. Leo tunalisema kwa sauti moja.

Kwanza, tunalipa. Kwenye risiti ya kila muhula, chini ya minervali, yaani ada ya shule, kuna mstari wa kompyuta. Si feza nyingi kwa mwenye duka, lakini kwa mama anayeuza samaki wa sambaza kwa mafungu ni siku nzima za kukaa juani. Kutoa kwetu hakukuanza jana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu mshahara wa kueleweka, wazazi ndio walioshika shule za nchi hii kwa kile tulichokiita prime. Katiba ya 2006 ikaandika katika kifungu cha 43 kwamba elimu ya msingi ni bure. Tukangoja miaka kumi na tatu, hadi Septemba 2019, maandishi yakawa kitendo. Tulishangilia, na hatujutii kushangilia: wapo watoto wa Cimpunda waliokuwa wakizunguka barabarani mchana kutwa ambao leo wanasoma barua na kuwasomea bibi zao. Lakini madarasa yalifurika, benchi la watatu likakaliwa na watano, na vitabu havikuongezeka kwa kiasi cha watoto. Sekondari, ambako somo la kompyuta limewekwa, imebaki juu ya mifuko yetu. Kwa hiyo tunapouliza habari za chumba cha kompyuta hatuombi. Tunauliza kitu chetu.

Katika shule moja ambako wengi wetu tuna watoto, mashine ziliwahi kuletwa kweli. Zilitoka ng'ambo, zimetumika lakini nzuri, zikapokelewa kwa hotuba, nyimbo na picha. Watoto walirudi nyumbani hawataki kula. Miezi ikapita. Mama mmoja wa Nyamugo akaenda kumuuliza mkuu wa shule.

"Papa Prefe, samahani. Mtoto wangu ataanza lini kukaa mbele ya ile mashine?"

"Mama, tuvumiliane kidogo. Tunangoja stabilizateri."

Alirudi muhula uliofuata, akaambiwa wanangoja mwalimu. Muhula wa tatu akaambiwa ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri.

Ukweli tuliupata baadaye, vipande vipande. Mashine mbili ziliungua siku ya kwanza. Kompyuta nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu mgongoni, ya kuchagua nguvu ya umeme. Zilikotoka umeme wao ni nusu ya huu wetu, na hakuna aliyeigeuza swichi hiyo kabla ya kuchomeka. Moshi ulitoka, hofu ikaingia, mlango ukafungwa. Hata zile zilizosalia zilikuwa na kibodi za Kiingereza: Q mahali ambapo mwalimu alikuwa amewafundisha watoto A, na W mahali pa Z. Watoto waliokariri ubaoni kwa miezi wangelazimika kuanza upya. Hakuna uovu mkubwa hapo. Ni kwamba aliyeleta hakukaa hata wiki moja, na aliyepokea hakuthubutu kusema hajui. Hofu ya kuharibu kitu cha zawadi ni hofu ya kweli, tunaielewa. Ila mashine iliyofungiwa inaharibika pia, kwa vumbi na unyevu wa ziwa, na haimfundishi mtu chochote inapooza.

Umeme nao tunautaja kwa uchungu, kwa sababu mto Ruzizi unatokea hapa hapa, miguuni mwa mji. Bwawa la Ruzizi I limesimama tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II lilianza kazi mwaka 1989, na umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Sisi tunaoishi kando ya mto tunaamka saa nane usiku umeme unaporudi, tupige pasi sare na tuchaji simu kabla haujaondoka. Hakuna shule inayofundisha saa nane usiku. Anayetaka kutusaidia kwa kompyuta aanze juu ya paa, kwa sahani za sola na betri, kisha ndiyo ashuke chini kwenye meza.

Wengine hutuambia mtoto atajifunza akifika chuo kikuu. Tembeeni basi kwenye sekretaria za barabarani, zile zenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, msimu wa kumaliza mwaka. Mtamkuta kijana wa mwaka wa mwisho, mwenye akili nzuri, amesimama nyuma ya mpiga chapa akimsomea kazi yake neno kwa neno kutoka kwenye kaye, huku akihesabu kurasa kwa hofu, maana kila ukurasa una bei. Mpiga chapa akikosea jina la mwandishi, kosa hilo linaenda hadi mbele ya jopo. Kijana huyo ni mtoto wetu. Alipata alama nzuri za kompyuta tangu darasa la saba.

Kuhusu vitabu tunaweza kuongea hadi jua lizame. Mji huu haukosi maktaba. Chuo Alfajiri cha Wajezuiti, kilichoanza mwaka 1938, kimelea vizazi vya wasomaji. Chuo Kikuu cha Kikatoliki na chuo cha ualimu cha ISP vina rafu zao. Wanaosoma humo wanazitumia, na tunafurahi. Lakini panda Kadutu, shuka Panzi, zunguka Bagira, uliza katika shule za kawaida kitabu cha kuazima kwenda nacho nyumbani. Kipo kitabu kimoja cha mwalimu, naye anakinakili ubaoni, na watoto wanakinakili kutoka ubaoni, na nusu ya kipindi imekwisha. Ofisini kuna katoni. Tumeona kilichomo: ensaiklopedia ambamo nchi yetu bado inaitwa Zaire, riwaya za watoto wanaoteleza kwenye theluji, vitabu vya kodi za nchi ambayo hatutafika. Aliyevitoa alikuwa akisafisha nyumba yake. Tunasema hivi bila chuki: kitabu ambacho mtoto wako hakukitaka, kwa nini wangu akitake?

Na katika katoni zote hizo hakuna hadithi ya Kiswahili. Mtoto wa darasa la kwanza wa Bukavu anafikiri kwa Kiswahili, anagombana kwa Kiswahili, anaota kwa Kiswahili, halafu kitabu cha kwanza anachopewa ni Kifaransa. Dawa ipo, na si ya mbali. Taasisi ya Saide ya Johannesburg imeweka hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, chini ya jina African Storybook, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuzichapa bila kulipa. Karatasi, wino na stepla. Kadhalika kuna programu ya Kiwix, ambayo inaiweka Wikipedia ya Kifaransa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ikasomwa bila intaneti. Shule yenye kompyuta tatu zinazowaka na kadi moja hiyo ingekuwa na maktaba kubwa kuliko yoyote ambayo wengi wetu tumewahi kuingia.

Ndugu zetu ni wengi Cape Town na Johannesburg, walikimbilia huko miaka ya vita. Wanatuambia habari ambazo zimetufikirisha. Mwaka 2009 maelfu ya wanafunzi waliandamana katikati ya Cape Town, wamevaa sare, wakidai maktaba katika shule zao. Nyuma yao kulikuwa na Equal Education, chama kilichozaliwa katika kitongoji cha Khayelitsha mwaka mmoja kabla. Hawakuacha. Novemba 2013 waziri wa elimu ya msingi, Angie Motshekga, alitia saini kanuni zilizotaja shule lazima iwe na nini, maji, umeme, vyoo, maktaba, na lini. Maktaba zilipewa miaka kumi. Miaka hiyo imepita na shule nyingi za huko bado hazina, ndugu zetu hawatufichi. Lakini mzazi wa kule ana karatasi ya kuweka mezani. Sisi tuna risiti tu.

Na msituambie kwamba dawa ni kuleta mashine nyingi zaidi. Ng'ambo ya daraja, Rwanda ilianza mwaka 2008 kuwagawia watoto wa shule za msingi kompyuta ndogo, zikapita laki mbili. Huko pia zilikuwepo shule ambazo mashine zilikaa kabatini, kwa kuogopa wezi, kwa kukosa umeme, kwa walimu ambao hawakuzoezwa. Wingi haukufungua kabati.

Mwalimu ndiye mwenye kufungua, na mwalimu wetu amechoka. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na mabenki yakafunga milango, kuupata mshahara kumekuwa msafara. Tunamwona akitembea kwa miguu kutoka Panzi hadi mjini, viatu mkononi wakati wa mvua. Tunamdai mambo mengi, lakini hatuwezi kumdai ajifunze kompyuta usiku kwa feza yake mwenyewe ili amfundishe mtoto wetu mchana. Ule mstari wa kwenye risiti ungeweza kumlipia mafunzo hayo. Labda umeshalipia. Hatujasomewa hesabu.

Kwa hiyo tunayotaka ni haya, na tunayataka kabla ya zawadi nyingine kupigiwa makofi. Hesabu ya feza ya kompyuta isomwe mbele ya wazazi wote, siyo mbele ya watatu wa kamati. Ufunguo uwe na watu wawili, mmoja wao mzazi. Mashine nzima zihesabiwe, zilizokufa zitajwe, fundi wa hapa hapa mjini aitwe, maana wapo vijana wanaofufua kompyuta kwa chuma cha kulehemu na subira. Kila mtoto apewe zamu yake, hata kama ni dakika kumi kwa wiki. Na katoni zifunguliwe: kinachofaa kiende darasani, kisichofaa kiondoke.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi, saa tatu. Yule mama wa Nyamugo ameweka risiti zake zote katika mfuko wa plastiki, tangu darasa la saba, pamoja na kaye yenye kibodi ya biki. Ameomba tumwachie nafasi ya mbele.