Tuachieni CD Zetu

Kuna wanaosema kubishana juu ya CD za gemu ni utoto. Mimi sikubali.

PS5 Pro ilitoka Novemba 2024, karibu dola 700, bila mahali pa kuweka CD. Ukipataka, unanunua kando. Tunaambiwa tupakue kwenye intaneti. Call of Duty inapita GB 100. Jamani, kwa bando gani?

Na hata ukipakua, si yako. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilitoka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazima seva. Hata mwenye CD mkononi alibaki na plastiki tu, maana haikuchezeka bila seva, hata ukiwa peke yako.

Sasa tazameni PlayStation 2, ya mwaka 2000. Iliacha kutengenezwa 2013, lakini hapa kambini bado inapiga kazi. Weka CD, washa, wawili wanashika pedi, kumi wanangoja zamu. Haiombi akaunti wala kadi ya benki. Sisi tunaodaiwa karatasi kila dirisha tunajua raha ya hilo.

Ndugu zetu wa mashirika, mashine mpya mlizotuletea kituoni ziliomba intaneti siku ya kwanza. Bado ziko kwenye boksi. Asanteni, ila safari ijayo tuulizeni kwanza. Leteni zinazosoma CD, hata kuukuu. CD tunaazimana, tunauziana, na anayepata safari anamwachia anayebaki. Akaunti atamwachia nani?