Pumu ya ngozi: jua pekee halitoshi

Baridi ya Juni na Julai ikiingia Nyololo, wilayani Mufindi, watoto huvalishwa sweta, soksi na kofia. Ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi nayo hukauka, huwasha na kupasuka kwenye mikunjo ya viwiko na magoti.

Mama huambiwa: “Mtoe akaote jua, apate vitamini D.” Upo ukweli ndani yake. Ngozi hutengeneza vitamini hiyo ikipigwa na jua, na mtoto akiikosa sana hupata matege. Tafiti kadhaa zimekuta kiwango chake kiko chini kwa watoto wenye pumu ya ngozi. Lakini walipopewa vitamini D, matokeo hayakulingana: tafiti nyingine ziliona nafuu, nyingine hazikuona. Si dawa ya kuponya.

Basi aote jua dakika chache, mikono na miguu ikiwa wazi. Jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii. Kiini cha yai na samaki wenye mafuta pia vina vitamini D, kama havimletei mzio.

Kinachotuliza ngozi ni mafuta. Mwogeshe haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha mpake mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Chini ya sweta mvalishe fulana ya pamba.

Usimpe vitamini D ya dukani bila ushauri wa daktari. Ikizidi hudhuru figo. Ngozi ikitoa usaha, au akikosa usingizi kwa kujikuna, mpeleke kituo cha afya.