Zoezi la vidole

Kerry Livgren, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Kansas ya Marekani, alikuwa nyumbani akifanya zoezi la vidole tu. Mkewe akalisikia, akamshauri aligeuze kuwa wimbo. Yeye aliona haufanani na muziki wa bendi yao. Hata hivyo akawapelekea wenzake, na mwaka 1977 "Dust in the Wind", wimbo unaotukumbusha kwamba sisi ni mavumbi, ukatoka, kisha ukasikika duniani kote.

Mwaka 1979 Livgren alimpokea Kristo. Mwaka 1983 aliiacha Kansas, lakini gitaa hakuliacha. Aliunda kundi jingine, AD, akaiimba imani yake.

Mtumwa wa Mathayo 25 aliifukia talanta kwa woga. Wengi wetu tunaifukia kwa kuidharau. Wengine tunaisikia talanta ya mwenzetu chumba cha pili, tunanyamaza.

Leo ukitoka ibadani, mtazame mwenzi wako, mwanao, au yule kijana anayejifunza kinanda. Umesikia nini kwake? Mwambie leo. Sisi ni mavumbi. Kesho si yetu.