Picha ya Kale Si Makapi

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Methali hiyo huikumbuka kila niketipo na vijana kuzungumza habari za sinema. Wao husema kwamba picha isiyo na rangi ni makapi. Nao wazee wenzangu hujibu kwamba picha za siku hizi hazina adabu, ni bunduki na makelele matupu. Mimi nimezipenda sinema tangu utoto wangu, wala sikubaliani na upande wowote.

Kwanza niseme na wazee. Si kila cha kale ni dhahabu. Mwaka 1953 ilitolewa picha iitwayo Mogambo, ambayo sehemu yake ilipigwa hapa Kenya, na Clark Gable alicheza kama mwindaji. Mbuga na wanyama wake wanapendeza, sikatai. Lakini watazame watu wa nchi: ni wapagazi, wapiga makasia na waimbaji. Hatuambiwi wanatamani nini, wala ni jambo gani liwalizalo usiku. Kwa maoni yangu, picha ile iliwaangalia wanyama kwa makini kuliko wenyeji.

Sasa niwageukie vijana. Mpwa wangu ni dereva wa bodaboda, na pikipiki yake ni ya mkopo. Jioni moja nilimwomba aketi nami tutazame Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, picha ya Kiitalia iliyoongozwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Alipoona haina rangi, aliguna.

Habari yake ni hii. Ricci, mtu wa Roma aliyekosa kazi siku nyingi, anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya kitanda ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, baiskeli inaibwa. Ricci na mwanawe mdogo, Bruno, wanaitafuta mjini kote bila kuipata. Mwishowe baba mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, naye anakamatwa mbele ya mtoto wake. Lamberto Maggiorani, aliyecheza kama Ricci, hakuwa mchezaji wa sinema. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani.

Mpwa wangu hakuguna tena. Picha ilipokwisha alitoka nje, akaifunga pikipiki yake kwa mnyororo, akarudi na kuniuliza, "Mjomba, yule mtoto ataweza kumheshimu baba yake tena?" Sikuwa na jibu. Nilimkumbusha tu kwamba Bruno aliushika mkono wa baba yake.

Juma lililofuata aliniletea picha yake, Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutolewa mwaka 2012. Mwas, kijana wa mashambani, anakwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji. Anaporwa mara afikapo, kisha anaingia katika kundi la wezi, huku akijifunza mchezo wa jukwaani. Nilikuwa nimejiandaa kulaumu bunduki na matusi, navyo kweli vimo. Lakini humo nilimwona mtu. Ricci na Mwas wametengwa na miaka 64, na kila mmoja aliibiwa kabla ya kuiba.

Basi kipimo changu si umri wa picha, wala rangi, wala fedha zilizotumika. Nauliza hivi: je, imemwonyesha mnyonge kuwa mtu mwenye jina, haya na matumaini? Ikiwa ndivyo, haichakai. Ikiwa sivyo, hata ikitoka leo imekwisha kuchakaa.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna kijana, badilishaneni picha moja kwa moja kama tulivyofanya sisi. Ila kila mtu aketi mpaka mwisho.